Nilivyopunguza uzito baada ya kuhamia Mbezi Makabe

Baada ya kuhama Magomeni Mapipa na kwenda kuishi Mbezi Makabe, uzito wangu ulianza kupanda ingawa tulipika nyumbani vyakula vilevile, hadi muuguzi wa kituo cha afya akanieleza kuwa uwiano wa uzito na urefu wangu umevuka 30, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa unene uliopitiliza. Nilitarajia aniulize ninachokula. Yeye akaanza na swali jingine: "Dada, kazini unafikaje siku hizi?"

Nilipokuwa Magomeni nilikwenda Kariakoo, ninakofanya kazi ya uhasibu dukani, kwa miguu kupitia Jangwani, na jioni nilirudi kwa njia hiyohiyo, isipokuwa siku za mvua kubwa ambapo bonde la Msimbazi hufurika. Shirika hilohilo linashauri mtu mzima afanye walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nami nilizitimiza bila kuzihesabu kuwa ni mazoezi. Makabe, bodaboda hunichukua mlangoni hadi Mbezi Mwisho, daladala hunifikisha Kimara, na mwendokasi hunishusha Gerezani, karibu kabisa na duka. Ninaporudi giza limeshaingia, na kilicho wazi na cha moto pale kituoni ni banda la chipsi. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 ilhali gramu moja ya wanga ina 4, kwa hiyo sahani ya chipsi mayai iliyochukua nafasi ya ugali na mboga, hata kama ni kwa jioni chache tu za wiki, ilitosha kubadili hesabu yote.

Sidhani kwamba jambo hili ni la tabia ya mtu peke yake. Nchini Marekani, kuanzia 1994, familia za mitaa yenye umaskini mkubwa katika miji mitano, Chicago ikiwamo, ziliingizwa katika bahati nasibu, na baadhi zikapewa hati za kuzisaidia kupanga nyumba katika mitaa yenye umaskini mdogo. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kuwa unene wa kiwango cha juu kabisa na kisukari vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa wanawake waliopewa nafasi hiyo. Kwangu mimi kuhama tena hakukuwezekana, kwa kuwa nyumba ni yangu na nimeijenga kwa miaka mingi. Ilibidi nianze na vitu vinavyoizunguka nyumba hiyo.

Nilianzia genge la mtaani kwetu, ambalo jioni lilikuwa na nyanya, vitunguu, sembe na biskuti, lakini halikuwa na jani hata moja. Nilipomuuliza mwenye genge, alinijibu bila kuficha: "Mwanangu, nyote mnarudi usiku. Mchicha nikiuleta asubuhi, saa kumi umeshanyauka, hasara inakuwa yangu." Jibu hilo lilinionyesha kwamba umbali wetu na mjini ndio ulioamua hata kinachopangwa mezani pake. Nilizungumza na majirani kadhaa, tukakubaliana kwamba kila mmoja atamwagiza mboga kwa simu usiku na kumtumia fedha palepale, naye ataleta kiasi kilichokwisha kulipiwa. Sasa mafungu yetu ya matembele, kisamvu kilichotwangwa na mchicha hutungoja ndani ya beseni lililofunikwa kwa khanga mbichi, kila fungu likiwa limefungwa kwa ukili wa rangi yake ili yasichanganywe. Baada ya muda aliongeza dagaa na maharage mabichi kwa hiari yake, kwa sababu wateja alikuwa nao tayari. Mpango huu umenisaidia kuliko jambo jingine lolote nililojaribu, kwani mtu aliyechoka hula kilicho karibu, na sasa kilicho karibu ni mboga.

Kuhusu kutembea, asubuhi ninashuka kituo cha Fire na kuufuata Mtaa wa Msimbazi kwa miguu hadi dukani, na Jumamosi na Jumapili tunatembea kina mama wa mtaa mzima kabla jua halijawa kali.

Uwiano wangu umeshuka chini ya 30, ingawa bado uko juu ya 25, na muuguzi anaendelea kunipima pamoja na shinikizo la damu. Kipande kutoka Mbezi Mwisho hadi nyumbani ningekitembea kila jioni, lakini hakina taa wala njia ya waenda kwa miguu, na pikipiki hupita kwa kasi ukingoni kabisa. Kuhusu kipande hicho tumeandika barua kwa serikali ya mtaa, tukaomba taa zianzie kwenye kona ya kwanza, ambako wanafunzi wa sekondari nao hupita.