Kolesteroli ikipanda, anza na daftari la chakula

Usiende kwa mtaalamu wa lishe ukiwa umekariri namba moja tu ya kolesteroli ya jumla. Beba karatasi nzima ya majibu: LDL (kolesteroli mbaya), HDL (kolesteroli nzuri) na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta kwenye damu). Aliyepandisha LDL hubanwa kwanza kwenye mafuta yanayoganda, kama siagi na mafuta ya nyama. Aliyepandisha trigliseridi hubanwa kwenye sukari, unga uliokobolewa na pombe. Taja dawa zote unazotumia, na useme kama kuna ndugu wa damu aliyepata shambulio la moyo angali kijana.

Kabla ya miadi, andika siku 3 za kila unachokula na kunywa, moja iwe siku ya mapumziko. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko, maana kumimina kwa macho hudanganya sana. Mipango mingi huharibikia hapa: mtu hula kwa adabu siku hizo tatu, halafu anapangiwa kurekebisha mlo ambao si wake. Andika hata ulichoonja jikoni. Hakuna anayekusahihisha kama mtihani.

Kwa LDL, lengo linalotumika sana ni mafuta yanayoganda yasizidi asilimia 6 ya nishati ya siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 13, na kijiko kimoja cha mezani cha siagi kinameza gramu 7. Mafuta ya nazi yanazidi siagi, ingawa yanatoka kwenye mmea. Lakini kupunguza peke yake hakutoshi. Muulize mtaalamu unaweka nini mahali pake. Ukiacha siagi ukaongeza mkate mweupe, LDL itashuka kidogo na trigliseridi zinaweza kupanda. Weka mafuta ya alizeti, karanga, samaki, maharage.

Kisha nyuzinyuzi zinazoyeyuka, gramu 5 hadi 10 kwa siku. Hizi hunasa asidi za nyongo tumboni zikatoka na choo, na ini hulazimika kuvuta kolesteroli kutoka kwenye damu ili kutengeneza asidi nyingine. Shayiri na jamii ya kunde ndizo tegemeo. Ziongeze polepole kwa wiki kadhaa, pamoja na maji. Ukizirundika siku moja tumbo litajaa gesi, na wengi huacha mpango wote kwa sababu hiyo tu.

Kahawa ya kuchemsha isiyochujwa nayo hupandisha LDL. Ichuje kwa karatasi.

Damu ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 12. Wiki mbili ni mapema mno. LDL ikiwa 4.9 mmol/L au zaidi, huenda ni ya kurithi, na hapo chakula peke yake hakitoshi: rudi kwa daktari. Na kama tayari unameza statini, dawa ya kushusha kolesteroli, usiiache kwa sababu namba zimeshuka. Zimeshuka ukiwa unaimeza.