Nilivyojifunza fidla Unguja, na ninavyoilinda na joto na unyevu wetu

Watu wananiuliza sana nimewezaje kujifunza fidla ukubwani, na jibu langu huwa lilelile: nusu ya kazi ilikuwa vidole na upinde, nusu nyengine ilikuwa kuhakikisha chombo chenyewe kinabaki kizima kwenye hali ya hewa ya hapa kwetu. Mie naamini mambo haya mawili hayatengani. Fidla haina vile vyuma vya gitaa vya kukuonesha pa kuweka kidole, unategemea sikio tu, sasa kama nyuzi zinateremka kila baada ya dakika tano au kuna pahala ubao umeachia, sikio lako linazoea sauti isiyo yenyewe na kulirudisha baadae ni kazi kubwa.

Nilichokuwa nakitaka ni taarab. Nimekulia Ng'ambo, ala hizi nazisikia tokea mdogo, kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa wapo tangu 1905 jamani, na zile fidla zikiingia zote pamoja kwenye bashraf, ule muziki wa ala tupu, kabla mwimbaji hajafungua mdomo mie mwili wote unasisimka mpaka leo. Kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries hapa Mji Mkongwe kimeanza 2002 na vijana wengi wazuri wamepita pale, ila kwa saa zangu za kazi ikanifaa zaidi kwenda kwa maalim mmoja mtu mzima, jioni, nyumbani kwake.

Mwanzo hakuna wimbo kabisa. Ni nyuzi wazi tu, upinde unauvuta wote toka mwanzo mpaka nchani, taratibu, mbele ya kioo, unaangalia uende sawasawa na daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, usipande juu ya ubao wa vidole wala usishuke. Inachosha lakini ndio msingi wenyewe, na mkono wa kulia ukitulia mengine yanakuja. Halafu nikabandika vipande vya tepu kwenye ubao wa vidole ili nijue pa kushika, maalim akaniachia kwa muda, siku tulipoanza Bayati, moja ya makamu za muziki wa Kiarabu, akanambia, "Mwanangu, toa hizo, huku hazitokufaa." Na kweli, maana Bayati ukianzia noti ya re, ile noti ya pili si mi ya kinanda na wala si mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu, iko kati hapo, tyuna ya simu ya kupimia sauti inakwambia umekosea na maalim anakwambia ndipo hapohapo. Alikuwa akiimba yeye kwanza, mie naimba, ndipo naitafuta kwa kidole. Kwa anaetaka taarab hii naiona njia bora kuliko zote, imba kwanza halafu shika.

Sasa hapo kwenye kufunga nyuzi ndipo matunzo yanapoanza. Kawaida nyuzi nne za fidla zinafungwa sol re la mi, lakini wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu wanafunga sol re sol re, yaani la unaishusha na mi unaishusha pia. Mie nilikuwa nafanya mazoezi ya namna zote mbili, na kila ukikaza nyuzi zile zinaburura kichwa cha daraja kuelekea kwenye shingo kidogo kidogo, huoni kwa siku moja ila baada ya wiki limeinama, na daraja halikugandishwa kwa gundi, linashikwa na mkazo wa nyuzi tu, likianguka linapiga ubao wa juu kwa nguvu zote. Kwa hivyo kila nikimaliza kufunga naitazama fidla kwa ubavuni, ule upande wa daraja unaotazama mkia, pale nyuzi zinaponasa chini, lazima usimame wima na miguu yake miwili ikalie ubao bila ya mwanya. Likiinama nalegeza nyuzi kidogo tu, nafunga daraja kati ya vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili, nalivuta kwa kiasi cha unywele, natazama tena. Usilegeze nyuzi zote kwa pamoja! Ndani mna kijiti kimesimama kati ya ubao wa juu na mgongo, na chenyewe hakina gundi, mkazo ukiondoka kinaanguka na kukisimamisha kunataka fundi mwenye chombo chake maalumu. Ndio maana hata nyuzi mpya natia mmoja mmoja, natoa huu natia huu.

Masika ndio mtihani wenyewe. Nilinunua kipima unyevu kidogo nikakitia ndani ya kesi, lile sanduku la fidla, fidla inapenda kati ya asilimia 40 na 60, changu mwezi wa nne kinapita 80 na ndani ya chumba. Vigingi vya kukazia nyuzi vinavimba havizunguki, unatumia nguvu uzi unakatika. Mwaka mmoja nikasikia chombo kinakoroma kwenye re, nikadhani uzi, nikabisha taratibu kwa kifundo cha kidole pembeni pote pa ubao, kila pahala kinaitika vizuri mpaka chini karibu na pa kuwekea kidevu, pale ikatoka sauti kavu ya kugongana. Ubao umeachana na ubavu, karatasi inapita. Wa kwanza niliemuonesha, seremala, akatoa supaglu mfukoni, nikamwambia hapana ahsante kaka. Fidla inagandishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama inayopashwa moto, na inatiwa nyepesi makusudi, mti ukivimba au ukisinyaa gundi ndio iachie mwanzo kabla ubao haujapasuka, ukiweka supaglu umeiondoa hiyo kinga na fundi atakaekuja hawezi kufungua tena bila ya kuumiza mti. Nikaenda kwa fundi anaetengeneza ala za udi, huyo gundi hiyo anayo, akasafisha, akapaka, akabana na vibanio akaniambia nisiiguse mpaka kesho. Imekaa mpaka leo.

Tokea hapo kesi naweka vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na kamera, navibadilisha mara kwa mara, na kesi haikai chini wala haigusi ukuta wa nje, ukuta wetu wa mawe unatoa maji msimu huo. Na naifungua ipate hewa, kesi ikikaa gizani imefungwa kuna vidudu vinakula nywele za upinde.

Upinde kila ukimaliza legeza, hili halina mjadala. Tukipiga hotelini kwenye eisi halafu tukatoka nje au kinyume chake, nywele zinarefuka na unyevu na kujikaza kukiwa kukavu, ukiuwacha umekazwa mti unapinda au ncha inavunjika. Nywele usizishike kwa mkono, mafuta ya vidole yanafanya zisishike uzi tena hata upake rozini nyingi vipi, ule utomvu mkavu wa kupaka upinde.

Nina kipande cha kanga kuukuu, pamba tupu, kinafuta vumbi la rozini chini ya nyuzi, na chengine kinafuta nyuzi peke yake kwa ajili ya jasho, ule uzi wa mi wa chuma kwa chumvi ya hapa unaota kutu haraka sana. Spiriti hata tone usiweke, inakula vanishi.

Njiani makonda wa daladala wanataka kila mzigo upande juu, mie nalipia siti na nampakata kama mtoto. Kwenye boti ya Dar nakaa ndani siyo nje kwenye maji ya chumvi, na kwenye gari lililoegeshwa juani siiachi hata kwa kushuka kununua maji, kwenye joto lile gundi inalainika na shingo inaweza kuinama.

Sasa hivi niko kwenye bashraf ya pili na maalim kaanza kuniacha nipige sambamba na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Kama na wewe fidla yako imeanza kukoroma msimu huu, ibishe pembeni pote kwa kidole kwanza kabla hujatoa pesa ya nyuzi mpya.