Sufuria ya pilau juu ya barafu

Jana binti yangu alikuwa anaosha vyombo akageuza ile sufuria kubwa ya pilau akauliza, "Mama, hii mbona kitako kimepinda hivi?" Nikamwambia aiweke tu, nitamweleza. Usiku sikulala vizuri.

Ni ile Januari ya 2019 hapa Minneapolis, wiki ambayo shule zilifungwa na hata posta wakaacha kupeleka barua. Usiku wa kuamkia tarehe 30 baridi ilishuka hadi nyuzi 28 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, yaani kama 33 chini kwa Selsiasi. Natoka shifti saa tano usiku, namulika bwawa letu la samaki nyuma ya nyumba, tundu la kwenye barafu limeziba. Hita ya kuelea imekufa, barafu imeikaba.

Na lile tundu ndio uhai wao. Samaki koi, hawa wa mapambo, wakati wa baridi wanashuka chini kabisa, kule maji yanabaki nyuzi kama 4 hivi za Selsiasi, hawali, hawachezi, lakini majani yanayooza kule chini yanatoa gesi, na gesi isipopata pa kutokea samaki wanakufa kimyakimya. Walikuwa kumi na mmoja. Mkubwa wao binti alimwita Kitenge, kwa yale madoa yake.

Nikachukua nyundo, nikainua. Hapo ndipo nikamkumbuka Baba. Utotoni kule Vanga, pwani ya Kenya, alinipeleka kuvua kwa mshipi, nikawa nagonga ubao wa mtumbwi na kikombe, akanishika mkono: "Mwanangu, samaki anasikia kwa mwili mzima." Nikaweka nyundo chini.

Nikachemsha maji, nikajaza sufuria, nikaikalisha juu ya barafu. Ikalia shhh, mvuke ukapanda ukanigandia kwenye kope. Imezama upana wa kidole tu, maji yakapoa, nikarudi ndani nikachemsha tena, mara ya pili, ya tatu, vidole ndani ya glavu sivisikii, ya nne, ya tano, sufuria inatoka moto wa jiko inatua kwenye barafu, nikasikia chuma kinalia ko! Ndio kile kitako. Mara ya sita ikazama ghafla, nikaidaka kwa mkono mmoja, na maji meusi yakachungulia. Nikamulika. Wamejipanga chini kabisa, hawatikisiki. Nikangoja, sijui dakika ngapi, mpaka pezi moja likasogea polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Asubuhi nikanunua hita nyingine. Aprili barafu ilipoyeyuka tisa waliogelea, wawili walielea. Kitenge alikuwa mmoja wa hao wawili. Mpaka leo najiuliza kama ni ile saa moja niliyochelewa kazini, ama ni majani niliyoacha kuyatoa tangu Oktoba.

Nikampigia Baba. Akanyamaza kidogo.

"Hao wawili umewatupa ama umewazika?"

"Nimewazika, Baba."

"Umefanya vyema, mwanangu," akasema, yeye aliyevua samaki maisha yake yote.