Pikipiki tatu za Jumamosi moja

Mwaka 2021, nilipotaka kununua pikipiki ya kwanza hapa Dodoma, baba mdogo hakuniuliza nina shilingi ngapi. Aliuliza itapita wapi na itabeba nini. Siku za kazi ni lami tupu, Nkuhungu hadi Mtumba na kurudi, bega kwa bega na malori ya barabara ya Dar es Salaam. Mwisho wa juma ni shamba la zabibu upande wa Mpunguzi, ambako ukishaiacha lami ya barabara ya Iringa unaingia kwenye mchanga, na nyuma ya kiti umefunga bomba la kupulizia dawa la lita 16.

"Basi 150 iache kwanza," akasema, akimaanisha ukubwa wa injini kwa cc. "Tafuta 125. Utaiangusha, mwanangu. Kila anayeanza anaiangusha. Nunua ambayo ukiiangusha utaiinua mwenyewe, na kitakachovunjika kinapatikana duka lolote la spea pale Majengo."

Kuna wanaobisha hapo, na wana hoja. Anayepakia abiria na gunia kila siku, au anayepanda milima ya Ntyuka na mzigo, ataona 125 inalia. Lakini mtu mmoja na bomba la dawa hahitaji zaidi. Tena kuna suala la leseni: daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi cc 125, na ukivuka hapo unahitaji A. Na urefu wa kiti si jambo la kudharau. Ukikaa, nyayo zote mbili zifike chini, si ncha za vidole, kwa sababu anayeanza huzima injini katikati ya mchanga na kuinama upande ambao mguu haufiki.

Tulitoka asubuhi. Baba mdogo, aliyefanya ufundi karibu maisha yake yote, alibeba tochi ndogo, spana namba 10, kitambaa cheupe na kipande cha waya. Hakubeba pesa, wala hakuniruhusu mimi kubeba. Pesa ikiwa mfukoni, alisema, macho hayaoni kutu.

Ya kwanza ilikuwa kwa dalali upande wa Sabasaba. Ni 150 ya Kichina, tangi jekundu linang'aa, kiti kipya, vioo vipya. Hatukuwa tunatafuta 150, lakini dalali alishasema "njoo tu uone, dada, bei tutaelewana", na baba mdogo akaona ni darasa la bure. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja karibu na sailinda. Ilikuwa ya moto. Pikipiki iliyowashwa kabla hujafika imefichwa kitu: aidha inasumbua kuwaka ikiwa baridi, au inatoa moshi wa bluu dakika ya kwanza. Moshi huo ukionekana mwanzoni tu kisha ukaisha, sili za valvu zimechoka, na hiyo ni kazi ya nusu siku. Ukitoka kila unapovuta mafuta huku injini ina mzigo, ringi za pistoni zimekwisha na huenda sailinda nayo imeliwa. Moshi mweusi ni petroli kuzidi hewa, mara nyingi filta imeziba. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi, kama zile za Juni na Julai hapa kwetu, hauna neno.

Kisha akanionyesha herufi zilizogongwa kwenye injini upande wa kushoto: 162FMJ. Injini nyingi za Kichina zina mwandiko huo. 1 ni idadi ya sailinda, 62 ni kipenyo cha pistoni kwa milimita, F inapozwa kwa hewa, M ni ya pikipiki, J ni kundi la 150. Ya 125 husomeka 156FMI. Ukijua hilo, huuziwi 125 iliyobandikwa stika ya 150, wala hukosei spea dukani.

Alipofungua boksi la filta ndipo Dodoma ilipojisema. Sponji ilikuwa imechanika pembeni. Akaingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe ndani ya mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye kabureta, na kitambaa kikatoka na vumbi jekundu. Vumbi likivuka filta linasaga ringi na sailinda kila pistoni inapopanda na kushuka, na rangi ya tangi haitalirudisha nje. Kwa mji huu wenye upepo wa Agosti, kama ni kukagua kitu kimoja tu, mimi ningekagua huo mpira.

Bado kulikuwa na fremu. Chini ya kiti, pale shokapu za nyuma zinapofungwa, palikuwa na mstari wa kuchomelea uliopakwa rangi nyeusi juu yake. Hiyo ni alama ya mishikaki: abiria wawili, watatu, kila siku, hadi bomba linapasuka. Baba mdogo akamwomba dalali aiendeshe polepole, moja kwa moja, kwenye uwanja wa vumbi. Tukainama kuangalia alama. Tairi la nyuma ni pana kidogo, kwa hiyo kwenye pikipiki iliyonyooka mstari wa tairi la mbele humezwa ndani ya ule wa nyuma. Hapa ilikuwa mistari miwili, imeachana kwa upana wa vidole viwili hivi. Wakati mwingine sababu ni ndogo: fundi amekaza cheni akavuta upande mmoja wa ekseli kuliko mwingine. Vile vialama vya kwenye mikono ya nyuma inayoshika gurudumu vinakuonyesha. Vyetu vilikuwa sawa pande zote, maana yake kilichopinda ni fremu au foku, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele. Tukaaga.

Ya pili ilikuwa Kizota, kwa mwalimu mstaafu. Hii ndiyo niliyokuwa nimeitamani kutokana na maelezo ya simu: 125, mmiliki mmoja, kilomita chache sana, "ya kwenda kanisani tu". Injini yake ilikuwa ya fito, ule mpango wa Honda CG125 wa miaka ya 1970 ambao Wachina wameunakili hadi leo. Haina taiming cheni. Valvu zinasukumwa na fito mbili kutoka chini. Haina mbio, ina kelele kidogo kichwani, lakini fundi yeyote wa Bahi au Mpwapwa anaifungua kwa spana za kawaida.

Tatizo ni kwamba ilikuwa imesimama chini ya mti zaidi ya masika mawili. Watu wanaziogopa kilomita nyingi, ila kusimama nako kunaua. Tairi zilikuwa na kashata (meno ya kukanyagia) nzima lakini pembeni zimepasuka nyufa nyembamba. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hizi zilisomeka 2213, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2013. Tairi la namna hiyo linapasuka ghafla kwenye lami ya moto, hata kama linaonekana jipya. Baba mdogo akalegeza skrubu ya chini ya kabureta, petroli ikatoka ya kahawia yenye chengachenga za kutu. Akamulika tochi ndani ya tangi: kutu sakafu nzima. Kutu hiyo itaziba jeti, kitundu cha petroli ndani ya kabureta, kila wiki mpaka tangi lioshwe au libadilishwe. Mabomba ya foku yalikuwa na vidoti vya kutu pale sili inapopita, na vidoti hivyo vinakata sili mpya ndani ya muda mfupi.

Yote hayo yanatengenezeka. Ukijumlisha tairi mbili, tyubu mbili, tangi, sili za foku, betri na kusafisha kabureta, bei ya mwalimu ilikuwa inakaribia ya pikipiki mpya. Baba mdogo alimweleza kwa heshima, kitu kwa kitu, akapendekeza bei. Mwalimu akasema hapana, haijatembea. Tukanywa chai yake tukaondoka.

Ya tatu ilikuwa kijiweni Nkuhungu, na kwa macho ilikuwa mbaya kuliko zote: TVS HLX 125, stika zimebabuka, kiti kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, plastiki ya pembeni imefungwa waya. Bodaboda. Ushauri wa kila mtu ni usinunue bodaboda, na kwa kawaida ni ushauri mzuri, kwa maana kutembea zaidi ya kilomita 100 kwa siku si ajabu kwao. Lakini baba mdogo aliuliza swali ambalo wengi hawaulizi: ilikuwa ya hesabu au ya mkataba?

Ya hesabu, dereva anampelekea tajiri, yaani mwenye pikipiki, fedha kila jioni na pikipiki si yake; oili anabadili tajiri akikumbuka. Ya mkataba, anajua akimaliza miezi waliyokubaliana inakuwa mali yake, kwa hiyo anaitunza. Huyu kijana alikuwa amemaliza mkataba na sasa anatafuta bajaji. "Mbukwa, baba," alimsalimia baba mdogo kwa Kigogo, kisha bila kuulizwa akafungua kiti na kuonyesha kikopo cha oili 20W-50 kilichobaki nusu.

Injini ilikuwa baridi. Kiki ya pili ikawaka, bila moshi. Ndani ya mpira wa filta, kitambaa kilitoka safi. Kwenye stendi ya kati, gurudumu la mbele likiwa juu, baba mdogo aliuzungusha usukani taratibu pande zote mbili: ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimejichimbia. Hazikukwama. Akashika foku kwa chini akasukuma na kuvuta, hakuna mchezo. Gurudumu la nyuma akaligonga spoku moja moja kwa spana. Iliyokaza hulia ting. Mbili zilitoa sauti butu, zinahitaji kukazwa. Cheni, aina ya 428, akaivuta kwa nyuma kabisa ya spoketi kubwa: ikiwa inainuka hadi unaona nusu ya jino, imekwisha. Ilikuwa imekwisha, na meno ya spoketi yamelala upande mmoja. Breki shuu za nyuma nazo: nati ya kukazia ilikuwa imebakiza nyuzi chache mwishoni mwa fito yake.

Klachi akaijaribu barabarani. Gia ya juu, mwendo mdogo, kisha unavuta mafuta ghafla. Injini ikipaza sauti na mwendo usifuate, sahani za klachi zinateleza. Hii ilifuata. Kwenye vumbi, mstari ulikuwa mmoja.

Majadiliano yalikuwa mafupi kwa sababu kila tulichokitaja kilikuwa kinaonekana. Tulitoa kwenye bei seti ya cheni na spoketi zote mbili (kamwe usibadili cheni peke yake, spoketi chakavu zinaila mpya), breki shuu na tairi la nyuma. Kijana alikubali mawili, la tairi akakataa. Sawa.

Karatasi ndizo zilizochukua muda. Kadi ilikuwa bado ina jina la tajiri, jambo la kawaida kwa pikipiki za mkataba, na hapo wengi hulizwa: unanunua kwa asiye na jina kwenye kadi. Tajiri ilibidi aje mwenyewe kusaini mkataba wa mauziano mbele ya mwanasheria, na nakala ya kitambulisho chake na namba yake ya mlipakodi. Kabla ya hapo tulilinganisha namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, na namba ya injini, moja moja na kadi, na baba mdogo akazipapasa kwa kidole kutafuta alama ya tupa. Tukaangalia pia kwenye mfumo wa polisi kama namba ile ina faini za trafiki zisizolipwa, maana deni hufuata namba. Mwisho, kibao kilikuwa cheupe, cha biashara. Kuhamisha umiliki TRA kulikwenda pamoja na kubadili matumizi ili kupata cha njano cha binafsi. Bima ndogo nayo ikakatwa upya kwa jina langu.

Nyumbani, kabla sijaigusa, oili ilimwagwa injini ikiwa na joto ili uchafu utoke nayo, ikawekwa mpya kama lita moja, ikipimwa kwa kijiti. Upepo wa tairi ulipunguzwa kidogo kwa ajili ya mchanga wa Mpunguzi, na kurudishwa kila tunaporudi kwenye lami ya Mtumba. Maelekezo ya mchanga yalikuwa machache: gia ya pili, mafuta yasiyobadilika, kaa nyuma kidogo, macho mbali, breki ya mbele usiiguse.

Kazi ya mwisho ya baba mdogo ilikuwa kulegeza skrubu za vishikio vya klachi na breki kwenye usukani, robo mzunguko tu, vibaki vimeshika lakini vikubali kuzunguka vikisukumwa kwa nguvu. Pikipiki ikilala, mkono wa klachi unageuka badala ya kukatika. Akafunga mkono mmoja wa akiba chini ya kiti kwa mpira wa tyubu, akanipa spana namba 10, na kuniambia nikaanzie kwenye uwanja ambao hauna mbigili.