Siku moja na droo ya kati

Saa 12:30 asubuhi
Nafungua banda langu hapa Keko, Dar es Salaam, kabla kelele za bodaboda hazijachanganya. Kabati la mninga la mama mmoja wa Temeke limesimama pembeni. Droo ya juu na ya chini nilizimaliza jana na juzi. Imebaki ya kati, na tundu lake liko wazi kama pengo mdomoni.

Kwanza nanoa. Patasi mbili na kisu cha randa, mpaka vinyoe vinyweleo vya mkono.

Kijana wangu anaingia. "Shikamoo, fundi."
"Marahaba. Leta maji ya kinoo."

Jana aliniuliza kwa nini sifungi reli za chuma kama majirani. Sizichukii, ila zinakula karibu mm 13 kila upande, na hewa yetu ya chumvi ikishaingia kwenye gololi, droo inaanza kulia.

Saa 2
Bado sikati kitu. Napima tundu, tena bila futi kamba: nakata kijiti kinachoenea mlangoni mwa tundu, kisha nakisukuma hadi nyuma. Nyuma panatakiwa pawe papana kidogo kuliko mbele, kama mm 1 hivi. Kijiti kimekwama katikati. Kosa ni langu la wiki iliyopita. Naingiza mkono na patasi, naparua taratibu. Ukikosea hapa, hata droo ungeitengeneza vizuri namna gani, itakusumbua tu.

Saa 4
Chai ya rangi na vitumbua.

Saa 4:30
Uso wa droo naukata uwe mkubwa kidogo kuliko tundu, halafu nauranda hadi uingie kwa kubanwa. Mbavu mbili, yaani mbao za pembeni za droo, ni za mtiki wa Muheza. Kila ubavu naujaribisha peke yake kwenye tundu kabla ya kuunganisha chochote. Kijana ameranda mmoja kinyume cha nyuzi, ukachanika. Kipande kingine, tunaanza upya.

Juu ya mbavu naacha nafasi ya mm 1.5. Yeye anaona ni uzembe. Sasa ni Agosti, mbao imekauka. Masika ikifika itakunywa unyevu na kuvimba kwa upana, si kwa urefu. Hilo nililijua kwa aibu. Miaka ya nyuma nilimpelekea mteja kabati wakati wa kiangazi, droo zimebana kama kiberiti na kasha lake. Aprili akanipigia simu: sare ya mtoto imo ndani, haivutiki, na gari la shule liko mlangoni.

Saa 7
Umeme umekatika. Mashine za mtaa mzima zimenyamaza, nasikia msumeno wangu peke yake. Ubwabwa na maharage kwa mama ntilie, narudi.

Saa 8
Meno. Ncha za mbavu nazikata meno yanayotanuka mwishoni kama mkia wa njiwa, kisha nachonga vitundu vyake kwenye uso bila kutoboa hadi mbele. Ukivuta mshikio miaka na miaka, uso hauwezi kuchomoka, misumari ingelegea. Msumeno unapita upande wa mabaki, mstari wa penseli ubaki unaonekana. Jino moja limebana mno. Nalipunguza kidogo, nalijaribu, napunguza tena. Kazi hii haitaki redio.

Kitako hakiwekwi gundi. Nyuzi zake zinalala kutoka ubavu hadi ubavu, ili kikivimba kisogee kuelekea nyuma, ambako nimekishika kwa skrubu moja tu kwenye tundu refu.

Saa 10
Gundi, klempu za kubania, napima pembe kwa pembe: vipimo vinalingana. Wakati inakauka nalipa deni la simu ambazo sikupokea.

Saa 12 jioni
Natoa klempu na kuranda mbavu. Randa inatoa utepe mwembamba, naijaribu droo, inagusa kushoto. Utepe mmoja zaidi. Kisha nasugua kipande cha mshumaa chini ya mbavu na juu ya vipande inapotelezea.

Namwita kijana aisukume kwa kidole kimoja. Droo ya kati inaingia polepole, na ile ya juu inachungulia nje yenyewe, imesukumwa na hewa iliyokosa pa kupita.

"Fundi, umeigusa?"

Nanyoosha mikono yote miwili aione. Anaivuta ya kati, anaisukuma tena.