Mtele, mchele na Waqiang

Juzi mtoto wa dadangu karudi na daftari la insha limejaa kalamu nyekundu. Kosa lenyewe? Kaandika "mtele" na "ndia" badala ya mchele na njia, vile nyanyake anavoongea hapa nyumbani Kuze, Mombasa, siku zote. Mwalimu simlaumu sana, mtihani una Kiswahili chake, lakini mamangu alinuna mpaka magharibi, ati Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, kimekuwa cha kusahihishwa humu humu Mvita.

Usiku sina usingizi nikaingia mtandaoni nikisoma habari za lahaja, huku na huku nikaangukia Waqiang, watu wa milimani kule Sichuan, Uchina, kama laki tatu hivi, wana vijiji vya mawe juu juu ya mabonde na lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kichina na Kitibeti. Lakini wallahi ukisema Kiqiang bado hujasema kitu. Cha kusini kina toni, yaani ukipandisha ama ukishusha sauti neno lageuka maana, cha kaskazini toni hakina, badala yake konsonanti zimebanana kama abiria wa matatu ya jioni, na watu wa mabonde mawili wakikutana wasisikizane basi waongea Kichina yakaisha. Halafu kuna wa Heishui, waongea Kiqiang cha kaskazini ila serikali imewaandika Watibeti na wenyewe wasema ni Watibeti. Hapo nilicheka peke yangu, maana hapa petu ukitaka kuvunja baraza uliza tu Mswahili ni nani.

Sasa maandishi. Hawakuwa nayo, wakaja kutengenezewa ya herufi za Kilatini kwa lahaja moja ya kaskazini, ya Qugu, wilaya ya Mao. Hayakushika, mpaka leo akitaka kuandika huandika Kichina. Sisi yetu yalishika, tena mno: 1928 wakoloni walikaa kikao hapa hapa Mombasa wakaamua Kiswahili cha vitabuni kiwe cha Unguja. Mombasa! Si wangeenda kutuamulia kwengine angalau.

Kilichonimaliza lakini ni kitenzi cha Kiqiang cha kaskazini, kina vijisilabi vya mwishoni vya kuonyesha kama jambo umeliona mwenyewe, ama umeona dalili tu ukakisia, ama umeambiwa. Fikiria wale wazee wa kahawa chungu na habari zao, nusu ya mazungumzo ingekufa hapo hapo.

Asubuhi nikamhadithia mama yote haya na mahamri mkononi. Akanisikiza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani wewe umewaona kwa mato yako?"

"La mama, nimesoma tu."

"Basi anza na 'wasema'."

Insha tukairudia na mtoto, mchele, njia, yote. Mama hakutaka hata kuitazama.