Mkunga, Mjomba na Korti: Siku Niliyokalimani Budj Bim

Kazi yangu ni ukalimani. Hapa Melbourne nakaa katikati ya daktari na mgonjwa, karani na mwombaji, nawapitishia maneno, kisha nakwenda zangu nyumbani. Mimi ni mtu wa Pangani, lakini wateja wangu wengi wametoka Kivu, mashariki ya Kongo, wakapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na Kiswahili chao kilinipiga chenga miaka miwili ya mwanzo. Siku hizi hata ndoto nyingine naziota kwa "iko" na "haiko".

Wazee wa kikundi chetu cha Jumatano ndio walioanzisha safari hii. Walikuwa wamechoka kupelekwa kwenye maduka na bustani za maua. Baba mmoja, mvuvi wa zamani wa Ziwa Tanganyika upande wa Baraka, akaniambia: "Mutoto yangu, kila mkutano hapa wanaanza kwa kuwataja wenye inchi. Miaka saba nasikia wanatajwa. Siyaona hata mmoja." Ni kweli. Australia ni nadra semina au kikao cha wazazi shuleni kufunguliwa bila kuwataja Waaborijini ambao kikao kinafanyika kwenye ardhi yao. Inasomwa kama dua, watu wameinamisha vichwa, halafu ajenda.

Wenye nchi wa Melbourne ni Wawurundjeri na Wabunurong, na tungeweza kwenda karibu tu. Ila nilipotaja kwamba magharibi, mwendo wa saa nne kwa gari, wako Wagunditjmara, wenye nchi ya Budj Bim, ambao walikuwa wakifuga mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwenye mifereji ya mawe kwa miaka isiyopungua 6,600, yule baba hakutaka kusikia pengine. Tukakodi basi dogo. Watu kumi na mmoja, vyungu viwili vya chakula, na mimi na daftari langu.

Daftari lenyewe nililiandaa wiki nzima, maana nilijua kitakachonikwamisha si vitenzi vya kila siku. Ni maneno ya kiofisi. "Wamiliki wa jadi", ndivyo tafsiri za serikali zinavyosema, na ukisema hivyo mbele ya wazee unaonekana umemeza redio. Nikakumbuka kwetu pwani. Miji yetu ilikuwa na wenye mji, watu ambao mgeni hata awe tajiri vipi hajengi wala haozeshi bila kupitia kwao na kutoa ada. Nikafuta "wamiliki wa jadi", nikaandika "wenye nchi". Na neno lao kubwa kuliko yote, lile linalobeba ardhi, maji, mababu, wanyama na sheria kwa pamoja, ambalo wakalimani wa lugha nyingine hulilalamikia kwelikweli, kwetu lilikuwa limekaa tayari: nchi. Mwananchi ni nani kama si mwana wa nchi? Hapo nilijisifu kidogo, nakiri.

Basi tukafika Tae Rak, ziwa ambalo ramani za zamani huliita Lake Condah. Shirika linalosimamia sehemu hii ni la Wagunditjmara wenyewe, Gunditj Mirring, na kando ya maji wana kituo walichokifungua mwaka 2022: sehemu ya kuandalia mikunga, mkahawa, na mahali pa kuanzia matembezi. Kiongozi wetu alikuwa kijana wao. Akatukaribisha kwa lugha yake kwanza, sisi tumesimama kama wageni waliopiga hodi wakasubiri kuitikiwa. Halafu akataja jina la mzee aliyemfundisha, akitanguliza "Uncle".

Hapo nikajikwaa. Nilitoa "mjomba" bila kufikiri.

"Mjomba wake kwa mama gani?" akauliza mama mmoja.

Si mjomba kwa mama yeyote. Ni heshima, wanamwita hivyo mzee yeyote wa jamii. Lakini mjomba kwa wazee wangu ana kazi zake maalumu, mahari na mazishi, na mama yule alikwisha anza kupanga ukoo wa kijana wa watu. Ikabidi nirudi nyuma: "Nimekosea, ni Mzee Fulani." Kuanzia hapo kila "Uncle" ikawa Mzee na kila "Aunty" ikawa Mama, na mambo yakaenda. Daftari langu la wiki nzima halikuwa na neno hilo.

Akatuonyesha mlima kwa mbali. Budj Bim, maana yake Kichwa Kilichoinuka. Ni volkeno iliyolipuka kama miaka 37,000 iliyopita, na kwa Wagunditjmara ni babu wa kuumba aliyejidhihirisha: ule mlima ni paji lake, na yale mawe meusi ya lava yaliyotapakaa mpaka tulipokanyaga ni meno yake. Wazee hawakuniuliza swali hata moja hapo. Walitikisa vichwa tu. Kuna vitu havihitaji mkalimani.

Kilichohitaji mkalimani ni korti.

Kijana alieleza historia ya kudai ardhi, nami nikawa naenda naye vizuri. Alianza na vita vya miaka ya 1840, walowezi walipoleta kondoo. Ikaja misheni mwaka 1867, watu wakakusanywa hapo, na wakati huohuo wakulima wakichimba mitaro ya kulikausha ziwa, kazi iliyoendelea mpaka miaka ya 1950. Mwaka 1957 kanisa la misheni likabomolewa kwa baruti. Wazee wangu walikuwa wametulia. Kanisa kupigwa baruti liliwauma kuliko nilivyotegemea. Mmoja aliuliza kama watu walipewa nafasi ya kutoa mabenchi. Kisha wanawake wawili wa Kigunditjmara, Sandra Onus na Christina Frankland, walipoona kampuni ya Alcoa inataka kujenga kiwanda cha kuyeyusha alumini karibu na Portland juu ya masalio ya wazee wao, wakaenda mahakamani. Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya Australia ikasema ndiyo, wanawake hawa wana haki ya kusikilizwa. Kiwanda kilijengwa, lakini ubishi ule ndio uliozaa sheria ya mwaka 1987 ya kurudisha ardhi ya misheni.

Nikafika 2007. Nikasema: "Tarehe 30 Machi 2007, korti iliwapa haki ya ardhi yao, karibu hekta 140,000."

Yule baba wa Baraka akanyanyua fimbo yake kidogo, namna anavyofanya akitaka kupinga. "Korti iliwapa?"

"Ndiyo, Baba."

"Na korti ilipata wapi ya kuwapa?"

Nilinyamaza. Kijana ananiangalia, hajui tumesimama wapi. Kumbe kosa lilikuwa langu, yeye hakusema "iliwapa" hata mara moja. Alitumia neno lenye maana ya kutambua, na mimi kwa haraka, kwa kuwa nimezoea korti zinazotoa, talaka, dhamana, amri, nikateleza. Ndiyo msingi wenyewe wa sheria yao tangu kesi ya Mabo ya mwaka 1992: mahakama haigawi kitu. Inakiri kwamba haki ilikuwapo kabla ya taji la Uingereza kufika, kwa sheria na mila za watu wenyewe, na kwamba haijafutika. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika "hatimiliki ya asili", neno la kamusi, na sasa nikaona ubaya wake. Limeanza na "hati", na haki hii sifa yake ni kwamba haikutokana na hati yoyote.

Nikamwomba kijana dakika moja. Nikawaambia wazee: "Nimesema vibaya. Korti haikuwapa. Korti ilikubali kwamba ilikuwa yao siku zote. Na si kwamba wamefukuza wengine. Serikali ipo, hifadhi ipo, wakulima jirani wapo, lakini wao wanatambuliwa, na wanakaa mezani."

"Sasa umesema," akasema baba. Na yule mama wa mjomba akaongeza, kwa sauti ya chini lakini nilimsikia: sisi kule Fizi, kwetu Kivu, nani atakubali?

Sikumtafsiria kijana hilo. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema. Kanuni za kazi zinataka utafsiri kila kitu kinachosemwa.

Baada ya hapo nilibadilisha mtindo. Niliacha kutafuta nomino, nikawa nasikiliza vitenzi tu: nani anafanya, nani anafanyiwa. Ilinisaidia kuliko daftari lote. Mfano, ziwa. Brosha yoyote ingekwambia "ukarabati wa ziwa". Ila kijana alisema, kwa maana yake, waliyarudisha maji nyumbani. Mwaka 2010 walijenga ukingo wa kuzuia maji yasikimbilie mtaro, ziwa likajaa tena, mifereji ya zamani ikapata maji, mikunga ikarudi kutembea ilikokuwa ikitembea. Ziwa kwanza, biashara baadaye. Huo ndio mpangilio wao, na mimi naupenda, kwa sababu nimeona miradi mingi kwetu inayoanza na mkahawa halafu ndiyo inauliza samaki wako wapi.

UNESCO nao walikuja baadaye. Tarehe 6 Julai 2019, kwenye kikao cha Baku, Budj Bim iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, mahali pa kwanza Australia kuingia kwa utamaduni wa Waaborijini peke yake. Miezi michache baadaye moto wa nyika ukapita na kuunguza majani, na mifereji ambayo haikuwa ikionekana kwa uoto ikajitokeza.

"Maendeleo ya kiuchumi" nilikuwa nimeyaandaa pia, nikayaacha. Nilisema riziki. Vijana wao wanalipwa kutunza nchi yao wenyewe, kung'oa magugu, kuongoza wageni, kupika. Wazee wakaelewa mara moja na swali likawa moja tu: wanalipwa vizuri? Kijana akacheka, akasema afadhali kuliko kukamua ng'ombe wa mtu.

Sasa mgono.

Nyuma ya kioo palikuwa na mtego wa kusuka kwa majani, mrefu, mdomo mpana halafu unachongoka mpaka unakuwa mwembamba kama mkono. Baba alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Akauzunguka. Akarudi. "Huu mgono," akasema, "umeharibika. Ndani haina vijiti vya kumzuia samaki asirudi. Na nyuma iko wazi. Samaki ataingia na kutoka, atasema asante."

Nilitafsiri, nikilainisha kidogo hilo la kuharibika. Kijana alifurahi kama mtu aliyeulizwa swali alilolisubiri muda mrefu. Akachuchumaa, akachora chini kwa kidole. Mkunga wa hapa, wao wanamwita kuyang, anaishi kwenye maji baridi miaka mingi, kisha siku ya kuzaa ikifika, wakati wa vuli ya huku, Machi mpaka Mei, kama huo tuliokwenda, anashuka na mto mpaka baharini, anaogelea kwenda Bahari ya Matumbawe huko kaskazini, anataga, anafia hukohuko. Wadogo ndio wanaorudi. Basi ukuta wa mawe unajengwa kukata maji, katikati unaachwa mwanya, na mgono unatiwa kwenye mwanya, mdomo ukitazama juu maji yanakotoka. Nyuma ni wazi kwa sababu pale nyuma anasimama mtu. Mkunga akitokeza kichwa anakamatwa, zamani aking'atwa kisogoni afe palepale. Wakubwa wanaingia, wembamba wanapita zao waendelee kukua.

Baba akatazama mchoro muda mrefu. "Kwa hiyo kijiti cha kuzuia ni mtu."

"Ndiyo, Baba."

"Basi huyo mtu asilale."

Kula kulikuwa na vita vyake. Mama wawili walisema hawali nyoka, na mimi kwa upande wangu sikuwa shahidi mzuri, maana hata Pangani mkunga wengi humpita sokoni kama hawamwoni. Nilichofanya ni kuacha kumtaja mkunga. Nikasema, "Hii ni samaki ya moshi." Kwa mtu aliyekulia kando ya Tanganyika, moshi ni dhamana tosha. Sahani ikaisha. Nyama yake ina mafuta, laini, chumvi kidogo, na ule moshi unabaki kwenye vidole mpaka jioni. Nilinusa vyangu ndani ya basi kama mtoto. Wagunditjmara walikuwa wakimkausha hivyo tangu zamani, ndani ya miti yenye uwazi, wakambadilisha kwa bidhaa na majirani. Mama mmoja alinunua nyingine ya kupeleka nyumbani, akaificha kwenye chungu kilichoingia na wali.

Niliyoyakosea mengine ni ya kawaida: sikuuliza mapema nani ana magoti mabaya, na mama mmoja alibaki mkahawani kwa sababu njia ya mawe haikumfaa. Nilipanga kurudi saa kumi, tukaondoka saa kumi na moja na nusu. Na ukimkalimani mtu mmoja saa tano mfululizo bila mwenzako wa kupokezana, sauti inakwisha; nililipa kwa siku mbili za kunong'ona.

Wiki iliyofuata baba alinipigia simu usiku. Amekusanya zile kamba za plastiki zinazofungia maboksi nyuma ya duka la vifaa, yuko barazani kwake ghorofa ya tatu, anasuka mgono wazi pande mbili. Ana swali kwa yule kijana: mvua kubwa ikija usiku, maji yakapanda, mgono wanautoa au wanauacha? Nimemwandikia. Nasubiri jibu, na baba ananipigia kila Jumapili.